Nafasi ya Mchi wa Pili

Mwenyekiti wetu aliandika neno moja tu ubaoni: sauti. Alikuwa mwalimu mstaafu, mwanamke mrefu aliyekuja kila Jumatano kwa treni kutoka Upplands Väsby, na chaki ilimkaa mkononi kama kwamba hakuwahi kuacha kufundisha. Alipangusa vidole vyake kwenye sketi, akatugeukia.

"Mwaka huu tutashona sauti," alisema. "Sharti ni moja. Ukichagua kengele, sitaki kuona kengele. Ukichagua ndege, sitaki kuona ndege. Nishoneeni sauti yenyewe."

Wanawake waliguna, wakacheka kidogo, wakamimina kahawa. Tulikuwa tukikutana katika chumba cha chini cha maktaba, chama kidogo cha watu wanaoshona yale mablanketi ya viraka ambayo Waswidi huyaita lapptäcke. Wengi walikuwa wamestaafu. Mimi nilikuwa Mwafrika peke yangu, na nilifika pale kwa kuvutwa na muuguzi mmoja tuliyefanya naye kazi hospitali ya Flemingsberg, ambaye siku moja aliniona nikishona pindo la gauni wakati wa mapumziko akasema mikono kama hiyo isikae bure. Kila mwaka chama kilijipa mtihani. Mada hutolewa vuli, na maonyesho hufanyika masika. Hakukuwa na zawadi. Lakini niliona watu wakikosa usingizi kwa ajili ya mtihani ule kuliko wengi wanavyokosa kwa mambo ya maana.

Wiki zilizofuata kila mmoja alianza kusema atashona nini. Mmoja alichagua mvua kwenye paa la bati la nyumba yao ya kiangazi. Mwingine, mjane mwenye sauti ya chini, alisema atashona mkoromo wa marehemu mumewe.

"Utauonyeshaje?" niliuliza.

"Mistari mipana," alisema. "Halafu hapa katikati kitambaa kitupu. Kulikuwa na wakati alikuwa akinyamaza kabisa, na mimi nalala macho nikisubiri kama atavuta pumzi tena."

Hakuna aliyecheka.

Mimi sikuwa na kitu. Nilijaribu breki za treni inapoingia Norsborg, kituo cha mwisho, pale tunapoishi. Nilikata vipande vyekundu na vya kijivu nikaviunganisha kwa pembe kali, na vilipokamilika vilionekana kama pazia la mgahawa. Nikajaribu gari la kukwangua theluji, lile linalotuamsha alfajiri. Nalo likawa pazia. Binti yangu, aliyekuwa na miaka kumi na minne wakati huo, alipita mezani akatazama, akasema kwa Kiswidi kwamba ni nzuri, kwa namna ambayo mtoto humwambia mzazi kitu anapotaka aachwe aende zake.

Ikaja Novemba. Siku moja nilirudi kutoka zamu ya asubuhi, nikajinyoosha kwenye kochi bila hata kuvua soksi za kazini. Nje kulikuwa kumeanza kuingia giza ingawa watoto walikuwa ndiyo kwanza wanatoka shule. Nikapitiwa na usingizi. Ndani ya usingizi huo nikasikia mtu anatwanga.

Niliinuka kabla sijaamka vizuri. Miguu yangu ilikuwa inatafuta kandambili sakafuni na mdomo umekwisha kuitika, "Abee mama." Nilikuwa Kigoma, kwenye ua wetu, nimechelewa, na mama ameshaanza bila mimi. Binti yangu aliinua kichwa kutoka kwenye kompyuta yake.

"Umeota," aliniambia kwa Kiswidi.

"Unasikia?"

Alisikiliza. Kwa kweli ilikuwapo: mshindo mzito, mfupi, ukipanda ndani ya zege kutoka sehemu usiyoweza kuionyesha kwa kidole. Tu. Kimya. Tu. Kimya.

"Kuna mtu anakarabati nyumba," alisema.

"Hakuna fundi anayegonga hivyo. Hiki ni kinu."

Alinitazama, kisha akarudi kwenye kompyuta. Kinu alikuwa amekiona mara moja tu, tulipokwenda kumsalimia mama yangu mkubwa, na pale alikikalia akidhani ni kigoda.

Nieleze kidogo kwa nini niliinuka vile. Mama yangu na mimi tulikuwa tukitwanga pamoja tangu nina kimo cha kuushika mchi. Mnaposimama wawili kwenye kinu kimoja hutazami mchi wa mwenzako, unausikiliza. Wake unapotua, wako uko juu. Wako unaposhuka, wake unapanda. Mama alikuwa na bega bovu, la kushoto, hivyo mchi wake ulichelewa kidogo, kiasi cha kuvuta pumzi, na mimi nilizoea kumsubiri hapo juu. Alifariki nikiwa mwaka wa pili Uswidi, karatasi zangu za ukaazi bado zikishughulikiwa, na sikwenda kumzika. Niliambiwa kwa simu, nimesimama kwenye korido ya hospitali na kitoroli cha mashuka. Baada ya hapo nilikuwa nimemwota mara nyingi, lakini hakuwahi kuja na sauti.

Mshindo ule ulirudi kesho yake, na siku zilizofuata, karibu kila alasiri. Si mimi peke yangu niliyeusikia. Kwenye lifti mtu alibandika karatasi iliyoandikwa kwa kalamu nene: wewe unayegonga, kumbuka sisi wengine pia tunaishi hapa. Nilianza kubadilishana zamu na wenzangu ili niwe nyumbani saa hizo. Nilikaa jikoni, kwenye meza ya kukatia vitambaa, nikisikiliza. Na kadiri nilivyosikiliza ndivyo nilivyoona kwamba si watu wawili. Ni mtu mmoja. Lakini hakutwanga kama mtu mmoja, kwa sababu anayetwanga peke yake hushusha, hupandisha, hushusha, hana sababu ya kukawia. Huyu alikuwa anasubiri. Kila baada ya pigo lake aliacha nafasi iliyotosha mchi mwingine kupanda na kutua, ndipo apige tena.

Alasiri moja, bila kukusudia lolote, nilijibu. Nilikuwa na mkasi mkononi, ule mzito wa chuma, na nimeegemea bomba la joto lililo chini ya dirisha. Nilikuwa nawaza kitambaa. Mkono ukapanda wenyewe, na nafasi ilipofika, kishikio cha mkasi kikagonga bomba. Tu, akapiga yeye. Nga, nikapiga mimi. Tu. Nga. Ilikwenda vizuri sana, kama kuteremka mlima uliouzoea. Sijui tulikwenda hivyo kwa muda gani, labda kiasi cha kutwanga kinu kizima cha sombe, majani ya muhogo. Hata bega langu nililisikia likilegea.

Kisha mshindo ukakatika. Haukupungua, haukuchoka. Ulikatika mchi ukiwa juu, nami nikagonga mara moja peke yangu ndani ya kimya.

Niliuondoa mkono kwenye bomba polepole, kama unavyouondoa begani kwa mtu uliyemshtua usingizini. Nilikaa pale mpaka binti yangu aliporudi akawasha taa.

Kesho yake hakikusikika kitu. Wala keshokutwa. Karatasi ya kwenye lifti ikabanduliwa na mtu, na jengo zima likawa na utulivu ambao kila mtu bila shaka aliufurahia. Mimi nilianza kuogopa jiko langu mwenyewe. Nilikuwa nikipika nimelipa mgongo lile bomba, halafu naona afadhali nigeuke nilitazame. Mwishowe nilimpigia simu dada yangu mkubwa, Kigoma, nikamweleza yote.

"Uliitika?" akauliza.

"Sikuitika. Niligonga."

"Ni kulekule. Kitu usichokiona hakiitikiwi, mdogo wangu. Ulifundishwa."

"Na kama ni mtu tu, dada? Jirani?"

"Kama ni jirani ana mlango," alisema. "Nenda kabishe hodi, utazame kama atakufungulia."

Nilikwenda Jumamosi asubuhi, nimevaa vizuri kama ninakwenda kanisani. Nilishuka ngazi badala ya lifti, ghorofa baada ya ghorofa, nikisimama mbele ya kila mlango bila kujua nasikiliza nini. Kulikuwa na televisheni, mbwa, mtoto akilia. Ghorofa ya pili nikasimama kwa sababu nyingine kabisa. Ilikuwa harufu ya mawese. Si harufu unayoweza kuikosea kama umekulia Kigoma. Nikabisha.

Alifungua mwanamume wa makamo, ndani ya sare ya dereva wa basi. Kabla sijasema neno alianza kuomba radhi kwa Kiswidi: wameshaelewa, wameweka zulia, haitatokea tena.

"Kaka, unasema Kiswahili?" niliuliza.

Mabega yalimshuka. "Ninasema. Karibu, dada. Tunaomba musamaha kwa makelele. Tuliweka zulia mbili chini ya kinu, lakini hii nyumba inabeba sauti. Na sasa mama ameacha."

"Sikuja kulalamika," nilimwambia. "Nimekuja kwa sababu ameacha."

Akatoka nje kidogo, akaurudisha mlango nyuma yake.

"Siku ile hakumalizia," alisema kwa sauti ya chini. "Aliweka mchi chini akaniambia, yaya amejibu. Tangu hapo anakaa tu. Anakula kidogo. Mimi nimeogopa, dada. Nimefikiri kichwa chake kimeanza kwenda."

Yaya kwao si mlezi wa watoto kama kwetu. Ni dada mkubwa.

Nilimwambia ni mimi. Nilimwonyesha kwa mkono jinsi nilivyogonga. Akafumba macho, akashusha pumzi, akanifungulia mlango.

Mama yake alikuwa ameketi sebuleni kwenye kigoda, karibu na dirisha, amejifunga kitenge juu ya sweta nene. Alikuwa mwanamke mdogo, mkavu, pengine wa miaka sabini. Kinu kilikuwa mbele yake juu ya mazulia mawili yaliyokunjwa. Mwanawe alikuwa amekileta kutoka Ubelgiji kwenye buti ya gari, baada ya mama huyo kukataa katakata kula sombe ya kwenye friji iliyokuja imekwisha kusagwa. Ndani yake kulikuwa na mchele uliotwangwa mpaka ukawa unga. Mchi mmoja ulilala sakafuni. Mwingine ulisimama kwenye kona, mpya, haujawahi kuguswa na nafaka.

Nilimwamkia shikamoo. Kwao hawana mazoea nayo sana, akanijibu "jambo", akanionyesha kiti.

"Ni mimi niliyegonga, bibi," nilisema. "Naishi juu. Nilikuwa na mkasi, nikagonga bomba. Nisamehe kama nilikushtua."

"Najua ni mutu," alisema. "Mutu wa kufa hagongi na chuma." Alinitazama usoni, kisha mikononi. "Ila nani alikutuma?"

"Hakuna aliyenituma. Ni mkono tu ulienda."

"Mukono wa nani?"

Niliutazama mkono wangu. Akaniuliza natoka wapi, nikamwambia Kigoma.

"Ng'ambo," alisema. "Sisi tulikuwa upande huu wa ziwa, na nyinyi upande ule. Tulikuwa tunaona mataa yenu." Mwanawe akaenda jikoni kuchemsha chai.

Alipoendelea kusema hakusema nami hasa. Alitazama kinu.

Ilikuwa wakati wa vita vya zamani, vya miaka ya sitini, kabla mimi sijazaliwa. Yeye na dada yake walikuwa wameolewa nyumba za jirani, na alasiri hiyo waume zao hawakuwapo. Walikuwa wakitwanga uani. Risasi zilianza kusikika upande wa barabara, mbali kidogo, kisha si mbali. Kulikuwa na watoto wawili: binti wa dada yake, aliyekuwa anaanza kukimbia, na mwanawe mwenyewe, huyu dereva, aliyekuwa mgongoni.

"Mimi nikaacha kutwanga," alisema. "Yaya akanikasirikia. Akasema, usiache. Wakisikia kinu kimenyamaza watajua tumekimbia, watafuata njia ya migomba. Toa watoto. Mimi nitabaki natwanga. Wakisikia kinu watasema hawa wako hapa, hakuna haraka."

Jikoni maji yalikuwa yamechemka na birika limejizima. Mwanawe hakulishika. Alikuwa amesimama mlangoni.

"Nilichukua yule mutoto mukono, na huyu mugongoni. Nikaingia migombani. Kinu nilikuwa nakisikia nyuma. Mwanzo yaya alijaribu kupiga yake na yangu, ili wasikie wawili. Lakini mutu akibeba yake na ya mwenzake anachoka. Nikasikia ameacha yangu. Akabaki na yake. Anapiga, anasubiri. Anapiga, anasubiri."

Aliinama, akauokota mchi, akaulaza mapajani.

"Hii pigo mi natwangaka hapa ni yake," alisema. "Nafasi ni yangu. Ni mimi niliyetoka."

Tangu mwanzo nilikuwa nimeamini kwamba ile nafasi anaachiwa mtu aliyekufa. Nilikaa pale na mkoba wangu magotini, nikaelewa kwamba niliposimama na mkasi wangu palikuwa pake yeye, aliyetoka.

"Na ilikoma lini, bibi?" niliuliza. "Hiyo sauti yake."

"Sijui," alisema. "Sijui kama ilikoma, ao kama nilifika mbali."

Mwanawe alikuwa amejua kwamba mama yake mkubwa alikufa vitani. Ndivyo alivyoambiwa utotoni, kwa sentensi moja, na hakuuliza zaidi. Aliniambia hayo baadaye, akinisindikiza kwenye lifti, huku akibonyeza kitufe ambacho tayari kilikuwa kimewaka. Alisema, "Mimi nilikuwa mugongoni. Bila shaka nilikuwa nasikia." Kisha lifti ikaja.

Nilipomsimulia binti yangu, alisikiliza mpaka mwisho bila kugusa simu. Akaniuliza, safari hii kwa Kiswahili, "Huyo dada jina lake nani?" Nikatambua kwamba bibi hakulitaja, na mimi sikuuliza. Sikuuliza hata baadaye. Kila mara nilipotaka kuuliza niliona nitakuwa namwomba kitu pekee alichobaki nacho.

Kabla ya Krismasi nilimwomba bibi ruhusa ya kushona sauti ile. Nilimweleza chama ni nini, na mtihani, na sharti la kutoonyesha kinu. Alifikiri sana kuliko nilivyotegemea.

"Utaijaza nafasi yangu?" aliuliza.

"Hapana."

"Basi shona."

Msimu wote wa baridi nilikuwa nikishuka ghorofa ya pili na vitambaa vyangu. Bibi alikuwa anapiga meza kwa kiganja, taratibu, nami nakata. Mapigo ya dada yake niliyafanya kwa kitambaa kizito cha rangi ya kahawia iliyokolea, vipande vya mraba, kila kimoja kikifuatwa na upana uleule wa kitambaa kitupu cha rangi ya majivu. Mstari wa kwanza vipande vilikuwa vikubwa kama kiganja, maana hapo bibi bado yuko uani. Mstari uliofuata vidogo kidogo, na vyepesi kidogo kwa rangi. Kila mstari yeye yuko mbali zaidi. Wakati mwingine alinisimamisha: "Hapa nilianguka," au, "Hapa mutoto alilia, sikusikia kitu." Hapo niliacha tupu.

Kazi ilikwenda vizuri mpaka karibu na chini, ndipo ikanishinda. Nilihitaji kujua kipande cha mwisho kiko wapi. Kila nilipoweka kipande na kuamua kwamba ndiyo mwisho, nilihisi kwamba ni mimi ninayemnyamazisha dada yake kule uani, mimi niliyeshika mkasi. Nikaongeza kingine. Nikaongeza kingine tena. Kuna siku nilivitoa vyote vya mstari wa mwisho nikavirudisha siku hiyohiyo. Nilianza kusikia mshindo kazini, kwenye mashine za wodini, kwenye magurudumu ya vitanda, na nilipousikia nilisimama kusubiri, mpaka muuguzi mwenzangu akaniuliza kama naumwa. Nyumbani binti yangu alikuwa akinikuta nimekaa mbele ya cherehani iliyozimwa.

"Mama, kwa nini usimuulize yeye?" alisema.

"Hajui. Ndiyo shida yenyewe."

"Basi na wewe usijue," alisema, akaenda kupiga mswaki.

Nilichukizwa na jibu lake siku mbili, kisha nikalifuata. Vipande vya mstari wa mwisho nilivikata kwenye kitambaa kilekile cha majivu, kile cha nafasi. Majivu juu ya majivu. Kwa macho hukuviona. Ulichoweza kuona, tena kama taa inatoka ubavuni, ni kivuli chembamba cha mshono kuzunguka kila mraba. Niliendelea navyo mpaka nikafika kwenye pindo, na sikuhesabu.

Maonyesho yalifanyika Aprili, palepale maktaba. Tulitundika kazi zetu kwenye ukuta mrefu, na chini ya kila moja kikaratasi kinachotaja sauti. Changu kiliandikwa "Kinu, kutoka mbali." Mwenyekiti alisimama mbele yake miwani ikiwa mkononi. Hakuuliza kitu, ila alinishika kiwiko alipokuwa anapita. Mjane wa mkoromo ndiye aliyeuliza. Alikuja na kahawa yake, akatazama mistari mmoja mmoja kushuka chini.

"Cha mwisho kiko wapi?"

"Sijui," nilimwambia.

"Huwezi kujua," alisema. "Usiku wa mwisho wa mume wangu, mimi nilikuwa nimelala." Kisha akaenda kukaa.

Dereva alimleta mama yake mchana. Alikuwa amevaa kitenge kipya na viatu vya theluji, ingawa theluji ilikuwa imekwisha kuyeyuka. Alitembea polepole kando ya ukuta, akapita mvua ya bati na mkoromo bila kugeuza kichwa, akaja akasimama mbele ya ile yetu. Hakutazama sana, nadhani macho yake hayakumsaidia. Aliweka kiganja juu ya kipande cha kwanza, akakitoa, akakiweka juu ya kitupu kinachofuata, akakitoa. Alikwenda hivyo mstari baada ya mstari. Mwanawe alitaka kumzuia, maana kulikuwa na kibao kinachosema usiguse, lakini mwenyekiti alitikisa kichwa kumwambia amwache.

Alipofika kwenye majivu juu ya majivu niliona vidole vikisita. Wengine wote pale walikuwa wamefika hapo wakadhani kazi imeisha. Yeye akausikia mshono. Akasogeza kidole, akausikia mwingine. Alikuwa amepiga magoti sasa, na mwanawe amepiga magoti pembeni yake akimshika mkono wa pili.

"Bado iko," alisema.

"Bado, bibi," nilimjibu.

Alifuata mpaka pindo, kidole kikatoka nje ya kitambaa kikagusa ukuta mweupe, akakiacha hapo. Kisha akaomba asaidiwe kusimama. Alikunywa kahawa, akala mkate wa mdalasini, akamwambia mwenyekiti kupitia kwangu kwamba mkate ni mzuri lakini kahawa ni nyepesi. Nilipomwambia kwamba maonyesho yakiisha nitamletea ile kazi, iwe yake, alikataa palepale.

"Weka kwako," alisema. "Mimi ninayo."

Hakutwanga tena baada ya hapo. Nilimuuliza mwanawe mara moja kama ni mimi niliyemharibia, akasema hapana, mama anakula, analala, anagombana na wajukuu kuhusu soksi. Kinu wakakisogeza kwenye kona, wakaweka ua juu yake. Niliendelea kushuka kumsalimia Jumamosi, na tulizungumza habari za bei ya samaki na magoti yake. Mara moja tu, nilipokuwa navaa koti kuondoka, aliushika mkono wangu wa kulia, akaugeuza kiganja juu, akautazama kama kuna kitu alikiacha humo. Akauachia.

Alifariki mwaka wa pili baada ya maonyesho, kwa mapafu, katika hospitali ninayofanyia kazi ingawa si wodi yangu. Tulimzika Botkyrka asubuhi ya baridi, watu wachache, sala kwa Kifaransa na Kiswahili, wajukuu wakinong'onezana kwa Kiswidi. Baada ya wiki chache mwanawe alipanda ngazi mpaka kwangu. Alisimama mlangoni na kofia yake ya kazi mkononi, akaniuliza, kwa aibu, kama ile blanketi bado ninayo.

Nilikuwa nayo. Ilikuwa imekunjwa juu ya kabati tangu siku niliyoitoa maktaba, kwa sababu sikuweza kuitundika wala kujifunika, na binti yangu alikataa kulala chumba ilimo. Nilimpa. Akaniambia ataitandika kitandani kwa watoto wake wadogo, kwa vile chumba chao kina baridi.

"Utawaambia ni nini?" nilimuuliza.

"Wakikua," alisema. "Sasa acha ikuwe blanketi tu."

Walihama mwaka uleule, kwenda mji mwingine alikopata kazi ya masaa mazuri. Nimeshona mablanketi mengi tangu wakati huo, nyota na maua na nyumba ndogo za paa jekundu, na watu wanayapenda.